Laptopu Niliyoinunua kwa Kutazama Video

Nakumbuka Jumamosi moja nilipotoka mjini na laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, nimeizungushia sweta ndani ya mkoba isije ikakwaruzika. Wewe, mwanangu, umeniuliza ununue laptopu gani ya kuchezea gemu za kurusha ndege, na umesema huna uwezo mkubwa. Nitakujibu. Lakini kwanza nikueleze habari za ile yangu, kwa sababu yote ninayoyajua juu ya jambo hili nilianza kujifunza kwayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naishi na dada yangu Mashimoni, Kibera, na kazi yangu ilikuwa kwenye saiba moja, yaani duka la intaneti, kule Riruta. Kule kwetu ndege ndogo hupita juu ya mabati kutwa nzima zikishuka uwanjani, na watu wameshazizoea, hawainui macho. Mimi na rafiki yangu Oduor tulikuwa bado tunainua. Oduor alikuwa wa Kambi Muru, mtaa jirani, mtu wa mjengo, yaani kibarua wa ujenzi, asiyependa maneno mengi.

Aliyetufundisha ni Mzee Njuguna, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kawangware. Alikuwa amestaafu baada ya kutengeneza injini za ndege karibu maisha yake yote. Alitupa chumba kisicho na mpangaji, akaweka humo kompyuta yake ya mezani yenye gemu ya urubani. Haikuwa gemu ya kupigana. Ni ile inayoiga ndege yenyewe, na upepo wake, na mafuta yake, na uwanja unaokuja polepole mbele yako. Tulikwenda kila Jumapili tukitoka kanisani. Oduor alikuwa ananishinda. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu, ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ile kompyuta ikafa. Ilikuwa wakati mbaya, maana Mzee Njuguna alikuwa ametuletea habari kubwa: mwalimu mmoja wa urubani, mama aliyefanya naye kazi zamani, angekuja baada ya mwezi kututazama. Mmoja wetu angechukuliwa kusoma bila kulipa.

"Adhiambo," mzee aliniambia, "wewe unashinda na kompyuta. Nenda ututafutie laptopu ya kutufaa. Ukiwa na shaka, rudi uniulize, au umuulize fundi yule jirani wa saiba yenu."

Sikumuuliza mtu. Pale saiba watu waliniita fundi, na mimi nilikuwa nimelizoea jina hilo, ingawa kazi yangu hasa ilikuwa kuchapisha barua na kuzima na kuwasha mashine zilizogoma. Niliona aibu kumwendea fundi wa kweli.

Muuzaji wa mjini alikuwa kijana mchangamfu. "Sasa siste. Unataka ya ofisi ama ya gemu?"

"Ya gemu. Ya ndege."

"Basi umefika. Hii ni mpya, iko fiti, inabeba gemu zote. Cheki."

Akabonyeza kitu. Ndege ikatokea kwenye kioo, ikashuka juu ya maji, ikatua bila kutikisika. Nilitazama mpaka iliposimama, nikaridhika, nikalipa. Mwanangu, ile ilikuwa video. Mtu mwingine alikuwa amecheza gemu kwenye mashine nyingine, akarekodi. Hata simu ndogo ya mkononi ingeionyesha vizuri vilevile.

Niligundua jioni hiyo hiyo. Gemu ilianza vizuri, lakini baada ya kama dakika kumi na tano laptopu ilipata moto chini, feni ikapiga kelele, na ndege ikaanza kwenda kwa kurukaruka, picha moja, kimya, picha nyingine. Haikuwa na kadi yake ya grafiki, yaani kile kifaa cha kuchora picha ambacho gemu kama hizi hukitegemea kuliko kitu kingine chochote. Pia ilikuwa nyembamba mno, joto halikuwa na pa kutokea. Jumatatu niliirudisha dukani. Yule kijana akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapo ningeweza kuwaambia mzee na Oduor. Badala yake nilishusha ubora wa picha hadi mwisho, nikaiinua laptopu kwa vikombe viwili ili ipate hewa chini, na nikawa naizima mapema kila tulipofanya mazoezi. Oduor alikuwa amepata mjengo mbali, akawa anakuja kwa nadra na kwa muda mfupi. Hakuwahi kuiona ikichemka.

Siku ya mwalimu ilifika. Aliketi nyuma yetu na daftari, mama mtulivu mwenye miwani. Akauliza nani ataanza. Nikasema mimi. Nilisema haraka, na nilijua kwa nini. Laptopu ilikuwa bado baridi.

Nilipaa, nikazunguka, nikatua. Si vibaya. Oduor akakaa kitini. Alipaa vizuri kuliko mimi, hata mimi niliyesimama pembeni niliona. Akageuza ndege, akaupata uwanja, akaanza kushuka. Feni ikaanza kulia. Picha ikakwama. Ilipoendelea, ndege ilikuwa imelala upande, na kabla hajainyoosha ikakwama tena, kisha ikaonekana imeanguka majanini, karibu kabisa na uwanja.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" mwalimu alimuuliza.

Oduor alitazama viganja vyake. Alikuwa ametoka kubeba mawe wiki nzima. "Pole, mwalimu," akasema. "Nadhani mikono imechoka."

Nilinyamaza. Mwalimu akaandika, akanipa mkono, akaniambia niripoti mwanzo wa mwezi. Oduor naye akanipa mkono, akaenda zake.

Mzee Njuguna alibaki kufunga chumba. Aliondoa vile vikombe, akaweka kiganja chini ya laptopu, akakiacha hapo kwa muda.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakupaza sauti. Alisema, "Kununua mashine mbaya si kosa. Hata mimi nimenunua vipuri vibovu. Lakini nilipokuwa kazini, fundi akijua injini ina kasoro akanyamaza, rubani hupanda akiamini iko sawa. Akianguka, watasema rubani hakujua kurusha. Wewe leo umefanya hivyo. Na umemfanyia rafiki yako." Kisha akanipa namba ya simu ya mwalimu, akatoka nje, akaniacha na simu mkononi.

Nilichukua siku mbili kabla ya kupiga. Ningependa kukuambia nilipiga papo hapo, lakini sikupiga. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nafasi yangu ameifuta, na Oduor aje kwake ofisini ajaribiwe upya kwenye kompyuta yao.

Kumpata Oduor kulikuwa kazi nyingine. Nilimfuata kwenye mjengo, nikamweleza nikiwa nimesimama juu ya kokoto, wenzake wakisikia. Aliendelea kuchanganya saruji. Mwishowe akasema, "Ungesema pale pale, Adhis. Nimelala siku tatu nikijua mimi ni bure." Nikampa ujumbe wa mwalimu. Alikataa kwenda. Mzee Njuguna alimwendea mara mbili, na mara ya pili akakubali.

Siku hizi Oduor anarusha ndege ndogo za mizigo upande wa kaskazini. Tukikutana tunasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto. Urafiki ule wa zamani haukurudi. Mimi nilimwendea yule fundi jirani wa saiba, safari hii kama mwanafunzi, na kazi aliyonifundisha ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Sasa, laptopu yako. Gemu za ndege za leo ni nzito mara nyingi kuliko ile yetu. Kwanza chagua gemu, kisha usome walioitengeneza wanasema inahitaji nini. Utakuta orodha mbili, ya chini kabisa na ya kupendekezwa. Fuata ile ya pili, maana ya kwanza ni ya kuifungua tu gemu, si ya kuifurahia. Hakikisha laptopu ina kadi ya grafiki inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue gigabaiti kumi na sita, na diski iwe ya SSD, ile ya kasi, yenye nafasi, kwa sababu ramani za dunia nzima si kitu kidogo. Gemu nyingine huvuta hizo ramani kwenye intaneti ukiwa unaruka, kwa hiyo fikiria na bando zako.

Usiogope iliyotumika. Nene, nzito, isiyopendeza, ya miaka michache nyuma, mara nyingi itakufaa kuliko mpya nyembamba ya bei ile ile. Ukifika dukani, omba gemu yenyewe iwekwe. Wakikataa, toka. Wakikubali, kaa nayo nusu saa ikiwa imechomekwa kwenye stima, maana laptopu nyingi hupunguza nguvu zikitumia betri. Iguse chini. Sikiliza feni. Usione haya kwenda na mtu anayejua kuliko wewe.

Na ukikosea, kwa sababu unaweza kukosea hata baada ya haya yote, sema siku hiyo hiyo. Sema kabla mtu mwingine hajakaa kwenye kiti kile.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe macho ya kuona ulichouziwa na moyo wa kukiri ulichokosea, na kila utakaporuka, atakayeruka baada yako aikute mashine ikiwa salama.