Jina la Kwanza Katika Wimbo wa Papa Cirhuza

Niliondoka kisiwani Idjwi kwa sababu ya barua ambayo haikuwa yangu. Papa Cirhuza, niliyekuwa nikimlimia mananasi kwa chakula na mahali pa kulala, hakujua kusoma. Mimi niliyeacha shule darasa la tano ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Barua ilitoka kwa masera, mtawa aliyeongoza wodi ya watoto katika hospitali moja ya Bukavu. Furaha, mjukuu wa Papa, msichana wa miaka saba, alikuwa huko na uvimbe wa taya. Ilikuwa kansa. Masera aliandika kwamba uvimbe ulianza kunywea kwa sindano, lakini sasa dawa ilikuwa imekwisha, na watoto watano walikuwa wakiisubiri. Dawa ilikuwa Bujumbura. Dereva aliyeweza kuileta angeondoka Jumatatu, akitaka kulipwa kabla, na asingekwenda tena mpaka baada ya majuma mawili. "Sindano zikikatika," aliandika, "uvimbe hurudi haraka kuliko ulivyoondoka."

Katika nchi yenye shaba, dhahabu na almasi, watoto watano wanamngoja dereva! Hasira yangu ilianzia hapo, na sijaiacha njiani.

Papa Cirhuza hakuwa na ng'ombe wa kuuza. Alikuwa na lulanga, kinanda cha nyuzi kilichochongwa kama sinia refu la mbao.

"Tutapiga," alisema. "Weye utanibebea."

Ijumaa alfajiri tulipanda boti. Muuza kuku mmoja aliitazama lulanga magotini mwangu.

"Papa, munaenda mu ndoa?"

"Tunaenda kuomba, maman."

"Na hiyo kinanda?"

"Njo mudomo yangu."

Saa sita mchana tulifika hospitali. Furaha alikuwa amelala, kitambaa kimefungwa kidevuni. Kwenye kitanda cha pili alilala mvulana wa miaka tisa, Amani, ambaye uvimbe ulikuwa umemfunga jicho moja. Lile lililobaki lilitosha kunikagua toka juu mpaka chini, kisha akaniita mjomba.

"Tonton, kiatu yako iko inacheka!"

Kweli, soli ilikuwa imeachia mdomo wazi. Mama yake, Maman Nabintu, aliyekuwa akilala chini ya kitanda hicho tangu masika, alimkemea huku akijizuia kucheka. Nilimpenda yule mtoto papo hapo.

Jioni ile ile nilipanda juu ya lori la mbao kwenda Nyangezi, kuwatafuta ndugu wawili ambao Papa aliwahi kupiga nao kwenye harusi. Walipiga gita kavu, gitaa lisilohitaji umeme. Niliwakuta wakimenya mihogo, nikawaeleza habari ya watoto.

"Hatuna micro," alisema mkubwa, akimaanisha kipaza sauti.

"Watoto watakuwa karibu na dirisha. Hakuna haja ya micro."

Hakuuliza malipo. Alifuta mikono kwenye suruali, akamwambia mdogo wake, "Chukua kamba za kubadilisha."

Jumamosi, saa tisa alasiri, tulikaa kwenye ua wa shule inayopakana na hospitali. Wauguzi walikuwa wamevisogeza vitanda hadi kwenye madirisha ya wodi. Masera alikuwa ameweka kikapu cha michango juu ya kiti. Watu walikuja kutoka mitaa ya Kadutu na hata Bagira, wengi wakiwa na nguo za kazi.

Lazima nieleze desturi ya Papa, maana kila kilichofuata kilitoka humo. Mtu akitoa, Papa humtaja. Akija wa pili, Papa humrudia wa kwanza kabla ya kumtaja wa pili. Hivyo wimbo hukua kama ukili wa mkeka, kila jina likishikwa na lililotangulia. Hawezi kulihamisha jina. Akilichomoa moja, yote humponyoka. Aliyetoa wa kwanza siku ile alikuwa Maman Feza, muuza sambaza, ambaye mikono yake bado ilinuka samaki. Kila wimbo uliporudi mwanzo, jina lake lilipanda tena, magita mawili yakilikimbiza chini yake, na yeye alijifunika uso kwa kitenge kwa haya. Hata Maman Nabintu alitoka wodini, akatia sarafu, akatajwa.

Jua lilipokaribia milima, gari la komisere wa zone, mkuu wa serikali wa eneo lile, liliingia uani. Alishuka amevaa abakosi, suti ya wakuu isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, nyuma yake vijana wawili wa Chama na mpiga picha. Alikuwa na bahasha nene. Aliiinua juu ili wote waione.

"Muzee, anza na mimi."

Papa alisimamisha vidole, akamwita citoyen, yaani raia, kama serikali ilivyotaka siku zile. "Karibu, citoyen komisere. Nitakutaja. Uko nyuma ya ule papa wa kutengeneza baiskeli."

"Mimi? Nyuma ya fundi wa baiskeli?"

"Alifika mbele yako, citoyen. Mwenye alitoa wa kwanza njo anaitwa wa kwanza."

Watu walianza kuguna. Na hapo mimi, ambaye siku zote mdomo wangu hutembea mbele ya akili, nilipaza sauti kutoka nyuma:

"Afuate mulongo kama sisi!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko: mkubwa, apange foleni! Hata kwenye madirisha ya wodi walicheka. Komisere peke yake hakucheka. Alingoja kelele zishuke, kisha akamuuliza masera kwa upole karatasi ya ruhusa iko wapi. Masera alikuwa na ruhusa ya parokia na ya shule. Ya zone hakuwa nayo. Nani huomba ruhusa ya zone ili kumsaidia mtoto mgonjwa?

"Basi tutafanya kontrole, tuhesabu hizi pesa," alisema, na vijana wake wakakibeba kikapu.

Ndugu wa Nyangezi waliruka kumwimbia jina lake, ili atulie. Papa naye aliita, "Citoyen, rudi, tuseme!" Gari lilikuwa limekwisha kugeuka.

Jumatatu tulikuwa mlangoni pa ofisi yake tangu asubuhi: masera, Papa na mimi. Tuliambiwa yuko kwenye mkutano. Dereva wa Bujumbura alitungojea barabarani hadi saa saba.

"Masera, munielewe," alisema. "Mimi pia niko na patron, mwenye gari."

Akaondoka bila pesa za dawa.

Alhamisi tuliitwa kwenye sherehe. Ndiyo, sherehe! Komisere alisimama mbele ya bendera akakirudisha kikapu, bahasha yake ikiwa juu. Hapakupotea hata likuta moja, ile sarafu ndogo. Kama angeiba ningemwelewa. Mwizi ana haja yake. Huyu hakuhitaji chochote kilichokuwamo. Kabla ya kukiachia alimgeukia Papa.

"Sasa, muzee, unajua kuanza?"

Papa Cirhuza aliipakata lulanga. Kisha akalitaja jina la komisere, la kwanza kabisa. Aliendelea mpaka jina la tatu, akakwama. Akaanza upya, akakwama tena. Wale wote wa Jumamosi walikuwa wamemponyoka. Maman Feza alikuwa amesimama karibu na ukuta, na hakutajwa. Mpiga picha alipiga picha.

Majuma hayo mawili nilibeba magunia sokoni. Jioni nilikwenda wodini. Uvimbe wa Furaha uliacha kunywea, kisha ukaanza kujaa. Jicho la pili la Amani lilifungika. Alinitambua kwa mlio wa kiatu. Alikufa siku tatu kabla ya dereva kuileta dawa. Furaha alichomwa sindano yake, na wale watatu wengine pia.

Jumapili iliyofuata mimi na Papa tulipanda boti ya kurudi Idjwi. Maman Nabintu alikuwamo, amemaliza matanga kwa kaka yake Kadutu, anarudi kijijini kwake bila mtoto. Alisogea karibu nami.

"Ile siku Amani alicheka sana," alisema. "Aliuliza, ni nani alisema vile? Nikamwambia ni ule tonton wa kiatu."

Alitoa karatasi kifuani, cheti cha kifo cha hospitali, akanipa.

"Nisomee. Waliandika alikufa na nini?"

"Kansa, maman."

"Kansa tu?"

"Kansa tu."

"Na zile siku kumi na nne za kungoja?"

Niliitazama karatasi mbele na nyuma. "Hazimo."

Aliikunja, akairudisha kifuani, akageukia maji. Papa hakugusa lulanga mpaka tulipofika.

Nilijifunza kwamba mkubwa anaweza kuua bila kuiba wala kupiga, kwa kuchelewesha tu. Nilijifunza pia kwamba kicheko nilichokiwasha mimi kililipiwa na mtoto wa kitanda cha pili. Mimi si mtu wa karatasi, lakini karatasi ile ilikuwa pungufu. Kwa hiyo nimeandika hii.