Kichwa Kiko Juu

Wiki ya thelathini na sita, daktari wangu wa hapa Louisville alinipongeza: mtoto amegeuka, kichwa kiko chini. Alinipongeza macho yakiwa kwenye kompyuta, akisoma picha ya tumbo ya mwezi uliopita. Tumbo lenyewe lilikuwa pale pale mbele yake, kubwa kama gunia la mkaa, lakini halikuwa na bahati ya kuwa kompyuta.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe. Alikuja kwa basi kutoka Buffalo, akabadilisha basi Columbus, ili anipokelee mtoto. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma alizalisha wanawake miaka mingi. Mimi na kidato cha nne changu nilishamwambia apumzike, huku kuna mashine.

Jumapili, mtoto alinipiga mateke ya kibofu ibada nzima. Kama kichwa kiko chini, hiyo miguu inatoka wapi? Tuliporudi nikajilaza kwenye kochi, nikafunua tumbo. Mama akasugua viganja mpaka vikapata moto, akanishika taratibu, chini kwanza, kisha juu. Chini ya mbavu za kushoto kitu kigumu kikadunda kati ya vidole vyake.

"Mwanangu, kichwa kiko hapa. Huyu amekaa kitako."

Kesho yake nikaenda naye kliniki. Kupitia mkalimani wa simu, daktari akasema uzoefu wa bibi zetu ni kitu kizuri sana. Kizuri, ndiyo, kama kalenda ya ukutani. Faili linasema chini, tumbo ni nani libishane na faili?

"Sishuki kitandani mpaka mtu anishike tumbo," nikasema. Mkalimani akasita, nadhani anatafuta adabu ya kuongezea. Nikamwambia asiongeze kitu.

Daktari akanishika kwa mikono ya barafu, nikaruka. Tabasamu lake likayeyuka. Akavuta mashine, na kichwa cha mwanangu kikaonekana chini ya mbavu za kushoto, pale pale. Akaeleza kwamba wakati mwingine watoto hujigeuza tena. Bila shaka, kosa ni la mtoto. Alhamisi wangejaribu kumgeuza. Kwa mikono! Kumbe wanayo.

Kabla hatujatoka, akamuuliza mama alijuaje. Mama alikuwa amekaa tu, mkoba mapajani.

"Mwambie Alhamisi apashe mikono kwanza," akasema. "Nimemwona mkwe wangu akiruka. Tumbo likikaza hivyo, hamgeuzi mtu."

Mkalimani akatafsiri yote. Daktari akaandika kwenye faili.