Kinywa cha Mama Ruffin

Mama Ruffin hakuzaliwa mkalimani. Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, kwa wauza samaki, na Kibemba alikiokota akiwa msichana, akivuka na mama yake kuja huku Zambia kununua samaki wakavu sokoni Nchelenge. Tulipokimbia vita na kuletwa huku kambini, sisi wengine tulikuwa na Kiswahili chetu na Kifaransa cha shule ya msingi, basi. Yeye alikuwa na Kibemba. Tukamkalia.

Nasema tulimkalia kwa sababu nami nilikuwemo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mwanamke ameshikwa na uchungu, Mama Ruffin. Mtu ameitwa ofisini, Mama Ruffin. Mwalimu amemrudisha mtoto nyumbani, Mama Ruffin. "Kuya unisemeye," tulimwambia, yaani njoo unisemee, hata kama sufuria yake ilikuwa motoni. Shamba lake la mihogo liliota majani hadi kiunoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda na jembe.

Ofisi ilimpa mafunzo ya siku mbili na fulana moja. Walimfundisha kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi: mgonjwa akisema "mimi", naye aseme "mimi". Akaishika sheria hiyo vizuri mno. Miaka sita alikaa mbele ya wauguzi akisema: mimi natapika damu, mimi mume wangu amenipiga, mimi walinishika njiani watu watatu. Na majibu nayo yalipita katika kinywa hichohicho. Kunda, binti wa mstari wa pili, aliambiwa na Mama Ruffin kwamba mtoto wake hapumui tena. Muuguzi ndiye aliyesema, ila kwa Kibemba. Sauti aliyoisikia Kunda ilikuwa ya Mama Ruffin, na kwa miezi miwili hakumsalimia. Kunda alipougua mwenyewe mwezi wa tatu, alibisha mlango wa nani? Mnajua.

Siku moja alinisindikiza kliniki, mguu wangu ulikuwa umevimba. Sista Towela, muuguzi wa pale, alimaliza na mguu, akauliza jambo kwa Kibemba. Mama Ruffin akanigeukia:

"Unakonda sana. Unalalaka?"

Nikashangaa. Mimi na huu mwili wangu? "Nalala muzuri," nikajibu.

Sista akasema tena, polepole, na safari hii alikuwa ameushika mkono wa Mama Ruffin, si wangu. Mama Ruffin aliendelea kunitazama mimi, akatafsiri:

"Acha kusemeya batu. Ukiendeleya, akili yako itapoteya."

"Mi? Mi nasemeya nani?"

Ndipo nikaelewa. Sista alikuwa anaongea naye, lakini Mama Ruffin hakujua tena kulipokea neno bila kulipitisha kwa mtu mwingine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Yeye alilia, pale pale kwenye benchi, watu wakitazama.

Njiani aliniambia kwamba usingizi ulimhama tangu mwaka jana. Akiwa peke yake anatwanga, anasikia "mimi, mimi", na hajui ni nani. "Ule mutoto ya Kunda," alisema kama ndiye mama yake mzazi, "naona njo mi nilimuzala." Nilimpa pole. Juma hilohilo nilimwita mara mbili aende kunisemea ofisini, na alikwenda.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alisema hatamsemea mtu tena, awe nani. Ila kila Jumamosi atafundisha Kibemba nyuma ya nyumba yake, bure, anayetaka aje. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia Mungu ndiye aliyempa kile kinywa.

"Na masikio alikupa weye, Papa," akamjibu. "Kuya Samedi."

Watu walikasirika kweli. Jumamosi ya kwanza walikwenda sita, ya pili wawili, ya tatu alikaa peke yake na ubao wake. Mimi sikwenda hata mara moja. Nilikuwa na sababu, maana sababu hazijawahi kunipungukia. Tukasema amekuwa na kiburi, anataka kulipwa, amekuwa Mzambia. Yeye alipalilia shamba lake. Mwili ukaanza kurudi, akawa anaimba kidogo akifua, na nimwambie nani, kule kuimba kwake kuliniudhi.

Halafu mume wangu Chadrack akarudi kutoka kisiwa cha Kilwa, hapa ziwani kwetu, alikokwenda kununua samaki, amelala ndani ya mtumbwi kama mzigo. Homa ilikuwa imemshika huko, siku tano nzima. Nilimwacha kivulini nikakimbilia kwa Mama Ruffin. Aliinuka, akafika mlangoni. Akarudi kukaa.

"Siwezi, Mama Mwamba. Nikienda tena kule, sitarudiya."

"Ni Chadrack! Hapana mutu mwingine!"

"Nayua. Sikiya. Sema: inshiku shisano. Siku tano. Inshiku shisano. Ukisahau, onesha vidole." Akaninyooshea vidole vitano. Nikatema mate chini nikaondoka, nikampeleka Chadrack kliniki.

Sista Towela hakuwapo siku hiyo. Muuguzi niliyemkuta alikuwa kijana, mpole, hanifahamu. Akaniuliza. Nikajibu, "Ee mukwai." Ndilo neno pekee nililokuwa nalo, ndiyo ya heshima. Akauliza tena. "Ee mukwai." Yale maneno mawili ya Mama Ruffin sikuyatafuta hata kichwani, na mkono wangu haukunyoosha kidole, kwa hasira tu, kwa sababu ni yeye aliyenipa. Muuguzi akaandika, akatupa vidonge, turudi nyumbani. Kesho yake mchana Chadrack akafa.

Mama Ruffin alikuja matangani. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia: "Njo weye uliua bwana yangu!" Alikaa na wanawake akalia kama wengine, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo wengine huvuka njia wakimwona. Pale bombani wanamwachia ndoo yake ikae nyuma.

Wiki mbili baada ya maziko, Sista Towela aliniita, akamweka msichana mmoja wa shule anitafsirie kadi. Juu ilikuwa imeandikwa: homa, imeanza leo. Kijana aliniuliza kama imeanza leo, na mimi nilimwambia ee mukwai. Ingekuwa siku tano, alisema Sista, wangemwita dereva ampeleke hospitali kubwa.

Kadi ninayo, iko ndani ya Biblia. Mama Ruffin hunisalimia kila asubuhi akipita na jembe, nami huitikia. Watu bado wanasema ni yeye. Neno moja langu lingetosha, na hilo ni la Kiswahili, sihitaji mkalimani. Miezi minne sasa, sijalisema.