Vidonge Nilivyomnyima Mama

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyojiona mwerevu kuliko wote walionizaa. Mama alinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, mkono uliokuwa umelala tangu alipopata kiharusi miezi minne kabla. Nilicheka, nikalia, nikampigia makofi.

Tulikuwa tunaishi Temeke, nami nilikuwa karani kwa wakala wa forodha kule Kurasini, kijana wa tai na viatu vya kung'aa. Mama nilimleta kutoka Upareni alipougua. Hospitali walimpa vidonge vya presha vya kumeza kila siku, na tarehe za kliniki. Kisha mwenzangu kazini akanielekeza kwa Bi Zuhura, mama wa makamo aliyejifunza tiba ya sindano kwa Wachina. Sindano zake hazina dawa ndani. Ni nyembamba kama unywele. Anazichomeka mkononi, mguuni, shingoni, anaziacha humo kama nusu saa na mgonjwa anasinzia. Mama alizipenda. Alisema zinamwamshia damu.

Mama akaanza kupata nafuu, nami nikaanza kuvimba kichwa. Vidonge vya nini tena? Mshika mbili moja humponyoka, nikajiambia, maana mjinga hakosi methali ya kujifunika. Nikavitupia vidonge juu ya kabati, na kliniki nikaacha kumpeleka.

Kila Alhamisi Bi Zuhura aliuliza kabla hajafungua boksi lake:

"Vidonge vya presha anameza?"

"Ndiyo, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Unajua sie tulivyo. Mtaalamu akituuliza, tunamjibu anachopenda kusikia, halafu tunaita adabu. Mama alikuwa amekaa palepale, anasikia. Hakunisuta, maana hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya watu. Tulipofika nyumbani siku moja ndipo aliponiuliza, "Baba, vile vidonge vyangu umeviweka wapi?"

"Mama, vile ni vya wagonjwa. Wewe umeshapona."

Akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hazikupita wiki tatu, kiharusi kikarudi. Kilimkuta uani anachambua mchele. Hakufika hospitali akiwa hai.

Bi Zuhura alikuja msibani, akanishika mkono. "Nilikuuliza, mwanangu. Kila Alhamisi nilikuuliza." Nami, badala ya kuinamisha kichwa, nikamchukia. Nikapita mtaani nikitangaza kwamba sindano zake ndizo zilizomuua mama. Watu wakaniamini, maana mfiwa haambiwi mwongo. Wagonjwa wakamkimbia, chumba akakifunga, akahama. Sijawahi kumwomba radhi, na sasa hata sijui kama yu hai. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka amezeeka na mimi.

Nasikia unampeleka baba yako, rafiki yangu wa siku nyingi, kudungwa hizo sindano kule Tegeta, kwa ule mgongo wake na presha yake. Mpeleke, mwanangu, sikukatazi. Mkono wa mama niliuona kwa macho yangu ukinyanyuka. Lakini sindano ni msaidizi, si mrithi wa dawa za hospitali. Anayemdunga mwambie vidonge vyote anavyomeza, na daktari wa hospitali mwambie kwamba anadungwa, hata akikunja uso. Dawa isiachwe kwa sababu wewe umeona amepona. Wa kuisimamisha ni aliyeiandika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie niliyaficha, kikamchukua asiyeficha kitu. Na baba yako akikuuliza dawa yake iko wapi, inuka ukampe, usimpe hotuba.

Mungu akupe ulimi usioogopa uso wa daktari. Amzeeshe baba yako mikononi mwako, akusumbue, akuchoshe, mpaka ulalamike kwa majirani. Mie sikupata bahati ya kuchoka.