Tairi Mbili Mpya, Barabara ya Karambi

Nilikuwa na safari moja tu ya lazima wiki ile. Siku moja baada ya safari hiyo binti yangu angetimiza siku saba, na wa kumpa jina ni mama yangu, anayeishi Karambi. Tangu aanguke na pikipiki akavunjika nyonga, Mama hapandi tena. Nilimwahidi gari. Balaa ni kwamba gari lenyewe lilikuwa linatetemeka, na fundi mmoja wa hapa Kasese alishalisomea hitima: "Giaboksi imekufa, Haji. Usitoke na hiyo kitu mujini."

Saa mbili asubuhi nikatoka nalo.

Kufika Kikorongo, mwendo wa sitini, sakafu ikaanza kunguruma chini ya makalio yangu. Usukani umetulia kabisa, kiti ndicho kinacheza. Nikamlaani aliyeniuzia gari, nikailaani barabara, nikamlaani na fundi. Nilipunguza mwendo, nikatambaa hivyo hivyo hadi Bwera huku malori yakinipigia honi.

Bwera niliingia saa nne, moja kwa moja kwa Kambale, fundi aliyejifunza kazi ng'ambo, Kongo. Hakufungua hata boneti.

"Inatetemeka mu usukani ao chini ya kiti?"

"Chini ya kiti."

"Ukiweka frii, gari ikitembea yenyewe?"

"Bado inatetemeka."

"Basi si injini. Ukikata kona kabisa?"

"Inang'ang'ania, kama mtu ameshika breki."

"Ilianza lini?"

"Wiki tatu. Nilipofunga tairi mpya. Mbili, za mbele." Nilisema kwa majivuno kidogo, maana zilikuwa nzuri kweli.

Kambale akacheka mpaka akashika kiuno. Akaazima futi ya fundi cherehani wa jirani, akaizungusha kwenye kila tairi. Za mbele zilizidi za nyuma, zilizolika, kwa upana wa vidole viwili.

"Hii gari inavuta na miguu yote ine," akasema. "Ya mbele iko na hatua kubwa, ya nyuma hatua ndogo, ziko zinavutana mu ile chuma ya katikati inayoziunganisha. Giaboksi iko muzima. Lakini endelea hivi, utaiua kweli."

Jamani, aibu! Wiki tatu nzima nalaani watu, kumbe mchawi ni mimi.

Alichambua rundo lake la tairi kuukuu, akapima moja moja hadi akapata mbili zilizolingana na zangu za nyuma. Akazifunga mbele, akaniambia nizungushe gari uani, usukani hadi mwisho. Likageuka kimya. "Alhamdulillahi!" nikapiga kelele hadi fundi cherehani akachungulia.

Karambi nilimkuta Mama kibarazani na mkoba wake.

"Nilidhani gari imekufa," akasema.

"Haijakufa, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa naitesa."

Kurudi, lami ya Kikorongo tuliikata kwa themanini, na Mama alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo. Nilitamani kulia. Nilijifunza siku ile: gari likibadilika, nijiulize kwanza mimi nimebadilisha nini.

Saa kumi tulikuwa nyumbani. Mke wangu akampa Mama mtoto, nami nikaanza kuwasimulia jinsi yule fundi wa Kasese alivyotaka kunipotosha. Mama hakunitazama hata kidogo.

"Tumwite Halima," alisema, "awe mpole. Mbishi tunaye tayari."