Mkono wa Tano Dunguni

Wewe ulikuwepo? Hukuwepo. Basi nyamaza unisikilize, maana kila nikilisimulia jambo hili hapakosi mjuaji wa kuniuliza nilikuwa nimevuta nini. Sikuvuta kitu mimi. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimeshaswali, kisu mkononi. Haya niliyaona huko Doha kwa macho yangu haya haya, na aliyeumia yu hai mpaka leo.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja upande wa Al Sadd, miaka ile viwanja vya mpira vinajengwa na kila barabara imechimbwa. Mzee wa nyumba tulimwita Baba, ndivyo wafanyakazi wa majumbani wanavyowaita mabwana zao kule. Alikuwa na shamba jangwani, ukishapita Al Wukair, na humo alifuga pofu. Unawajua pofu? Mnyama mkubwa kuliko fahali, pembe zimesokotwa. Waliletwa kutoka Afrika kwa ndege, na vibali vyao, kama sisi tu. Mtunzaji wao alikuwa Opio, Mganda wa Tororo. Kila Ijumaa nilimpelekea samaki na unga, akasonga ugali, tukala sinia moja. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na hakuna aliyemkera mwenziwe. Nilimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Sasa Fahad, mwana wa Baba, kijana mwenye nyumba yake kule kisiwa cha Pearl, akarudi kutoka masomoni ng'ambo na upinde. Si upinde kama wa kwetu Kwale. Huo una magurudumu, mshale wake unatoboa mbao. Akataka kuwinda pofu kutoka juu ya mti, eti ndivyo wanaume wanavyowinda. Kumwinda mnyama aliyezungushiwa ukuta! Nikasonya kimoyomoyo. Lakini mkono usioweza kuukata, ubusu.

Akajengewa dungu, jukwaa la kuvizia, juu ya mkunazi, mti mkubwa pekee shambani pale. Nilimwambia Opio, "Huu mti kwetu majani yake tunaoshea maiti. Una wenyewe, si wa kukaliwa na mtu mwenye silaha."

"Mdigo, wewe na mashetani yako!" akasema. "Si umwambie Fahad?"

Nilimwambia. Akaniagiza chai.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mnyama wa kufugwa hahalaliki kwa mshale, lazima achinjwe kabla hajakata roho. Kwa hiyo mimi nitakaa dunguni na Fahad, na mnyama akipigwa tu nishuke mbio nikamchinje. Opio atawatoa pofu bandani, kisha arudi ndani ajifungie. Kwa kuwa juu ya mti hatutakiwi kusema, tulitambaza kamba ndefu kutoka bandani mpaka dunguni. Opio akiwa salama ndani, anaivuta. Isipovutwa, hakuna mshale. Tulikubaliana sote watatu, na Fahad mwenyewe akaapa.

Tulipanda baada ya sala ya alfajiri. Ilikuwa msimu wa baridi, na ukungu wa kule ukishuka, nisadiki, huoni hata kiatu chako. Kukapambazuka, lakini tulichoona ni weupe tu. Tukangoja. Kwanza ikaja harufu ya karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu. Nani wa kujipaka karafuu maiti jangwani? Nikajifanya sikuisikia.

Kisha ukungu ukafunguka kidogo chini yetu, akatokea pofu dume. Wallahi nilimwona! Niliziona pembe, nikaiona ngozi ya shingo inavyoning'inia. Mimi ndiye niliyemgusa Fahad begani nikamwonyesha. Fahad akanikonyeza: kamba je? Papo hapo kamba ikavutwa kwa nguvu. Akakaza upinde.

Sijui ni nini kilichonifanya niitazame ile kamba. Labda dua za mama. Palikuwa na mkono umeishika, si kule bandani, bali pale pale dunguni, kati yangu na Fahad. Nikadhani ni wa Fahad, lakini mikono yake yote miwili iko kwenye upinde. Nikadhani ni wangu. Mmoja wangu una kisu, wa pili umeshika tawi. Minne hiyo. Huu wa tano ni wa nani? Ulikuwa mweusi kama wangu, umelowa maji, majani ya mkunazi yamenata vidoleni. Na sikioni sauti ikaninong'oneza kwa Kidigo safi cha nyumbani, "Mwache apige." Kidigo, kule jangwani!

Nikapiga yowe, nikamsukuma Fahad. Mshale ukatoka. Chini akaanguka mtu na ndoo yake ya majani. Hapakuwa na pofu. Alikuwa Opio.

Pofu walikuwa bado bandani, wamegoma kutoka, naye alitangulia nje ili awavute kwa majani. Kamba hakuwa ameigusa. Mshale ulimpasua bega ukamvunja mfupa. Nisingemsukuma Fahad ungeingia kifuani, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini. Fahad alimwambia baba yake kwamba dereva ndiye aliyesababisha. Alipoulizwa yeye alikuwa analenga nini, akaangua kilio.

Nilimwendea Opio hospitalini na machungwa. Nilipokaa kando ya kitanda, akajisogeza ukutani.

"Ndugu yangu, wallahi tuliona pofu," nikamwambia.

"Nilikupungia mkono. Nilikuita, Mdigo, Mdigo, ni mimi!"

"Hatukusikia."

"Mmoja alisikia. Mlikuwa watatu kule juu. Fahad na upinde wake. Wewe na kisu. Halafu wewe tena, umeshika kamba, unanitazama unacheka."

Nilikaribia kumkumbatia kwa furaha, unaelewa? Nimepata shahidi! "Si umeona!" nikamwambia. "Ni yule mwingine, Opio, si mimi!"

Akayatazama machungwa, akayasukuma kwa mkono mzima mpaka yakaanguka sakafuni. "Banange, jamani," akasema, "na huyu aliyekuja kuniona, nitajuaje ni yupi?"

Baba alinirudisha Kenya mwezi ule ule. Opio naye alirudi kwao, mkono mmoja hauinuki. Nilipanda basi mpaka Tororo kumwona, nikabisha, nikajitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Akanichungulia dirishani. "Umekuja peke yako?" akauliza. Nikasema ndiyo. Hakufungua. Nililala barazani pake kama mbwa, asubuhi nikaondoka, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Ndiyo maana nakuonya, na usiponisikia shauri yako: pahali penye wenyewe, wasiokukaribisha, usiende kukaa na silaha. Na mimi siku ukiniona njiani nakupungia mkono huku nacheka, geuka ukimbie. Mimi kucheka niliacha.