Mlango Uliofungwa Bandani kwa Mudathiri

Pwani yote ya ziwa huku wanajua: vyungu vya Kisa wa Ikombe havivuji, na mdomo wake haufungwi. Jumamosi hiyo alivivusha kwa mtumbwi hadi sokoni Matema, pamoja na binti yake Asifiwe wa miaka kumi na minne. Mchana, vikiwa vimebaki vitatu, akageuka: binti hayupo. Muuza dagaa wa jirani akamwonyesha kwa kidevu banda la video.

Kisa akaokota fimbo.

"Mama, kiingilio," alisema Mudathiri, mwenye banda.

"Kiingilio ndicho hiki!" Akampungia fimbo, akapita.

Ndani, vijana walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Katika runinga, binti wa rika la Asifiwe alikuwa akiota manyoya mikononi, meno yakimchomoza kama ya mbwa mwitu.

"Shindwa!" Kisa alifoka.

Hakuna aliyegeuka. Yule binti akagonga mlango wa mama yake, akamwonyesha mikono. Mama akaitazama, akafunga mlango. Banda zima likaguna. Wasichana wakafuta machozi, wakimlilia mnyama! Kisa akapigwa na butwaa. Yeye alidhani watoto huja hapa kutishwa.

Akamvuta Asifiwe nje. "Gwe, wewe! Unalilia mbwa mwitu?"

"Anabadilika mwili, mama, na hana wa kumwuliza."

Fimbo ikamshuka mkononi. Mwaka jana, siku Asifiwe alipovunja ungo, alimjia mama yake kumwuliza. Kisa, mikono imejaa udongo, akamjibu vile alivyojibiwa na mama yake mwenyewe: hayo si ya mama, nenda kwa shangazi yako. Akaendelea kufinyanga, moyo mweupe, akijua mila imetimia. Wala hakuuliza tena kama binti alifika.

"Si nilikutuma kwa shangazi?"

"Nilikwenda. Nikamkuta ameshaondoka, yuko Katumba Songwe kwenye mavuno ya mpunga. Nikaogopa kukurudia."

"Ukamwuliza nani?"

Asifiwe alitazama vidole vyake vya miguu. "Hakuna."

Mwaka mzima! Kisa alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni.  Akaelekeza kidole bandani.

"Yule mama. Mwisho wake anafungua?"

"Hafungui. Filamu hii nimeiangalia mara nne."

Kisa akaketi mchangani palepale, vyungu kavisahau, watu wakipita na kushangaa.

"Kaa hapa," alisema. "Niulize mimi."